Shekhar Mehta: Msee wa Datsun Aliyeachia Mercedes ya Otomatiki Vumbi

Cheki hii picha. Uko stage ya Adams Arcade, Jumapili, jua kali, na mat imekataa kujaa. Kwa Ngong Road inapita Mercedes ya kitambo, ile ndefu ya milango miwili, rangi imepauka lakini bado ina heshima zake. Jam inafunguka kidogo. Dereva anakanyaga mafuta, gari inafikiria kwanza, halafu inaruka mbele kama punda amechapwa kiboko. Wasee wa boda wanaangua kicheko. Na wewe unacheka.

Usicheke sana. Kama hiyo ndai ni 450 SLC, ndugu yake alikuja Kenya mwaka wa 1979 kutunyang'anya Safari Rally, na alikuja akiwa otomatiki. Aliyemzuia ni jamaa wa hapa hapa, ndani ya kadatsun ka silinda 4. Kama Safari unaijua tu kama plot ya kuenda Vasha na mbogi, tulia nikuchanue.

Jina lake ni Shekhar Mehta. Alizaliwa Kampala, Juni 20, 1945, kwa familia ya Wahindi waliokuwa na doh ya ukweli, mashamba makubwa na biashara huku na kule. Akiwa na miaka 21 akaanza mbio na BMW. Mpaka hapo unaweza sema ni mtoto wa tajiri tu anachezea gari, na hautakuwa umekosea sana. Lakini 1971 akaingia Safari na Datsun 240Z, na akamaliza namba mbili. Aliyemshinda ni Edgar Herrmann, naye pia na 240Z.

Hiyo 240Z wasee wa magari wanaijua. Boneti ndefu, mgongo umeinama, silinda 6, lita 2.4. Sports car kabisa, na bado ilikuwa inapelekwa kwa matope ya Easter na mashimo ya kumeza ng'ombe. Ya dukani unaweza kuipata hata na giaboksi ya otomatiki ya gia 3. Ya rally ilikuwa ya klachi.

Halafu maisha ikamgeuka. Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kwamba Waasia watoke Uganda, siku 90 na wawe wameenda. Akina Mehta wakaacha kila kitu wakaingia Kenya. Fikiria hapo kidogo. Nyumba, shamba, majirani, shule uliyosoma, vyote vimebaki upande ule wa border, na huna ruhusa ya kurudi.

Deadline ya Amin iliisha Novemba. Pasaka ya 1973 Mehta alikuwa kwa starting line ya Safari, 240Z tena, Lofty Drews akiwa navigator. Huo ndio mwaka wa kwanza wa mashindano ya dunia ya rally, kwa hivyo macho yote yalikuwa huku. Na mwisho ukawa wa ajabu: yeye na Msweden Harry Källström, wa Datsun pia, wakamaliza na pointi 406 za adhabu kila mmoja. Sare. Baada ya maelfu ya kilomita, hakuna hata dakika moja kati yao! Ikabidi sheria ya kuvunja sare itumike, na ikampa Mehta. Msee alifukuzwa kwao mwaka uliopita, sasa ndiye bingwa wa Safari.

Akakaa miaka sita bila kushinda tena. Ndio tunafika 1979, na ndio nataka usome polepole.

Mercedes walileta 450 SLC 5.0. Injini ya V8, lita 5, na giaboksi ya otomatiki ya gia 3. Watu waliona ni mzaha, kwa sababu otomatiki ilikuwa gari ya mzee wa ofisi. Lakini Wajerumani hawakuwa wajinga. Kwa otomatiki hakuna klachi ya kuungua ukikwama kwa matope. Kati ya injini na gia kuna mafuta yanayozunguka, kwa hivyo shimo likipiga magurudumu, giaboksi haipokei kipigo chote. Na dereva mikono yote miwili iko kwa usukani. Mmoja wa waliopewa hiyo mashine ni Hannu Mikkola, yule Mfini aliyeshinda Safari 1972 na Escort, mtu wa kwanza kutoka nje kufanya hivyo. Huyu si mtu wa kuchezea.

Shida ya otomatiki za enzi hizo ni kwamba hazina kompyuta. Giaboksi inajua umekanyaga kiasi gani kwa njia mbili tu: kuna kebo au fimbo inayotoka kwa eksileta, ama kuna kamrija kanakobeba mvuto wa hewa kutoka kwa injini. Zingine zina zote mbili. Hiyo kebo ikilegea, giaboksi inadhani unaendesha pole pole hata kama umezamisha mguu. Gia inabadilika mapema, presha ya mafuta iko chini, sahani za ndani zinateleza mpaka zinaungua. Ukiikaza sana, gia inachelewa na ikiingia inakupiga mgongo. Na kama injini inazunguka juu sana gari ikiwa imesimama, ukiweka D tu inaruka. Hiyo ndiyo drama yako ya Adams. Fundi mwenye anaelewa kazi hafungui giaboksi kwanza. Anaanza kwa pedali: mtu akanyage mpaka chini, yeye aangalie kama mdomo wa hewa kwa injini umefunguka wote. Kama haujafunguka, kurekebisha giaboksi ni kupoteza pesa ya mteja, na kuna wengi mtaani wanapenda sana kupoteza pesa ya mteja.

Mehta naye alikuwa na Datsun 160J. Gari ya kawaida kabisa kwa macho, gia ya mkono, hakuna cha kukuringia. Uamuzi wote ulikuwa kwa mguu wake na mkono wake: saa ngapi ashuke gia, saa ngapi aachilie mafuta ndio gari isivunjike kabla ya Nairobi. Akiwa na Mike Doughty kando yake, akashinda. Mikkola na V8 yake wakachukua namba mbili.

Sitakudanganya eti otomatiki ndiyo iliwaangusha. Mwaka huo huo Mercedes walienda Ivory Coast na gari hizo hizo, Mikkola akashinda, na SLC zikachukua nafasi nne za kwanza. Kwa hivyo mashine ilikuwa sawa. Huku kwetu tu ndiko kulikuwa na mtu anajua barabara kuwaliko.

Na hakusimama hapo. 1980, akashinda. 1981, akashinda. 1982, na Violet GT, akashinda tena, Walter Röhrl wa Opel akifuata nyuma. Nne mfululizo, zote na Doughty, na jumla tano. Hiyo nne mfululizo hakuna mtu amewahi kuigusa.

Rally zingine alikuwa anaendesha mke wake, Yvonne, akiwa navigator. Couple goals za kusoma ramani kwa kasi hiyo na bado mko kwa ndoa, manze, respect.

1987, kwa mbio za Pharaons kule Misri, akapata ajali mbaya iliyokaribia kummaliza. Kuendesha kukaishia hapo. Akahamia kwa uongozi, mpaka akawa mkuu wa kamati ya rally ya FIA, yaani mtoro wa Amin akaketi kwa meza inayopanga mbio za dunia nzima. Safari ikatolewa kwa kalenda ya dunia baada ya 2002. Mehta akafariki London, Aprili 12, 2006, akiwa na miaka 60. Iliporudi 2021, pale Naivasha, hakuwepo kuiona.

Kila mwaka pale Ngong Racecourse, mbele kidogo ukitoka Adams, kuna Concours, na magari ya enzi zake hupangwa kwa nyasi yakiwa yameng'arishwa. Enda uangalie. Na kama ile SLC ya mzee wako bado inaruka kwa jam, mwambie fundi aanze chini ya pedali.