Mwenda Jean Bosco: Gitaa moja la Katanga lililosikika kama mawili

Mwaka 1952, mtafiti wa muziki Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alizunguka Katanga, kusini mwa iliyokuwa Kongo ya Wabelgiji, akiwa na mitambo yake ya kurekodi. Katika mji wa Jadotville, ambao sasa ni Likasi, alikutana na kijana wa miaka 22 hivi akipiga gitaa kavu barabarani. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco. Miongoni mwa vibao alivyorekodi wakati huo ni Masanga, kilichotolewa katika santuri za Gallotone na kusikika mbali na Kongo. Tangu hapo, wapiga gitaa wa mabara mbalimbali wamejaribu kukipiga upya, noti kwa noti, na wengi wametambua kuwa jambo hilo si jepesi.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, kijiji ambacho katika karne ya 19 kilikuwa makao makuu ya Msiri, mtawala wa Wayeke. Msiri na watu wake walikuwa na asili ya Usumbwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na walifika Katanga wakifuata biashara ya shaba na pembe za ndovu. Mwenda aliikumbuka nasaba hiyo katika jina alilolitumia baadaye, Mwenda wa Bayeke. Kwa hiyo, ingawa nyimbo zake nyingi aliziimba kwa Kiswahili cha Katanga, hakuwa mgeni kabisa kwa wasikilizaji wa upande wa pili wa Ziwa Tanganyika.

Jadotville ulikuwa mji wa migodi. Wafanyakazi waliotoka sehemu nyingi waliishi jirani, kila mmoja na ngoma za kwao, huku santuri za Kuba na filamu za Marekani za wachunga ng'ombe zikileta sauti nyingine. Mwenda aliyachota yote hayo, lakini hakuishia kuiga.

Siri ya upigaji wake ilikuwa katika vidole viwili tu vya mkono wa kulia. Kidole gumba kilishika besi katika nyuzi nene, na kidole cha shahada kikatembea juu ya nyuzi nyembamba kikipiga wimbo wenyewe. Vidole hivyo havikwenda sambamba wakati wote. Kimoja kiliweza kugawa mdundo mara mbili wakati kingine kinaelekea kuugawa mara tatu, na lafudhi ya wimbo ikaangukia mahali ambapo sikio halikuitarajia. Ndiyo maana msikilizaji wa Masanga hudhani anasikia magitaa mawili yakijibizana.

Mwaka 1959, Mwenda alipelekwa Nairobi kutangaza dawa ya maumivu, na sauti ya gitaa lake ikasikika redioni. Ndugu yake, Edouard Masengo, naye alifika Kenya na kupata jina kubwa huko. Vijana wa Kenya hawakuwa na kitabu cha kuwafundisha mtindo huo. Walisikiliza, wakatazama vidole, kisha wakarudi nyumbani kujaribu. Wengine walizaa mitindo yao wenyewe kutokana na jitihada hizo, na athari ya Mwenda ikadumu katika kizazi kizima cha wapiga gitaa kavu.

Njia ya pili ya kuihifadhi kazi hiyo ilikuwa kalamu. Mwaka 1961 na 1962, wakati Katanga ikiwa katika machafuko ya kujitenga na Kongo, mtaalamu David Rycroft alichapisha uchambuzi wa vibao vya Mwenda, akiviandika kwa noti. Uchambuzi huo ulionyesha jambo ambalo santuri haikuweza kulisema: Mwenda hakuwa akikariri. Alikuwa na misingi michache aliyoijua barabara, na juu yake alibuni papo hapo, akibadili, akirudia na kugeuza. Kilichonaswa mwaka 1952 kilikuwa sura moja tu ya kibao chenye sura nyingi.

Mwaka 1969 alialikwa Marekani kupiga katika tamasha la Newport, mbele ya vijana waliokulia katika enzi za magitaa ya umeme. Miaka 10 baadaye, Mwingereza John Low alisafiri hadi Lubumbashi kuitafuta mitindo ya Katanga ya miaka ya 1950 na 1960, na kujifunza kwa wenyewe waliokuwa bado hai, Mwenda akiwamo. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka 1982.

Pamoja na sifa hizo, muziki haukuwa kazi yake pekee. Kwa nyakati tofauti Mwenda alifanya kazi benki, katika utawala wa serikali na katika kampuni ya migodi ya Gécamines. Aliongoza pia bendi yake ya Super Shaba, na kusimamia hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Mwaka 1988 alirekodi tena mjini Cape Town. Mwaka 1990 alifariki dunia katika ajali ya gari nchini Zambia.

Leo Masanga bado ni mtihani kwa wapiga gitaa. Anayeifuata santuri kwa uaminifu anaweza kuzipata noti zote, akaishia kuwa na nakala ya siku moja katika maisha ya mtu aliyekuwa akibadilika kila alipolishika gitaa. Anayejifunza kwanza jinsi kidole gumba na kidole cha shahada vinavyoachana na kukutana, kisha akathubutu kuongeza chake, huenda asifanane na santuri hiyo. Lakini atakuwa amefanya kile ambacho Mwenda mwenyewe alikuwa akikifanya.