Thurgood Marshall: Wakili aliyepinga mtu kukataliwa bila sababu

Thurgood Marshall anakumbukwa zaidi kwa kesi ya mwaka 1954 iliyoharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma za Marekani. Lakini kuna vita vingine alivyopigana karibu nusu karne, na alifariki vikiwa havijaisha. Vilihusu nani anaruhusiwa kuketi katika juri, yaani jopo la raia wa kawaida, kwa kawaida 12, ambao huko Marekani ndio huamua kama mshtakiwa ana hatia.

Marshall alizaliwa Julai 2, 1908 mjini Baltimore. Mama yake alikuwa mwalimu, na baba yake, William, alihudumu kwenye treni na baadaye katika klabu ya wazungu. Mzee William alipenda kusikiliza kesi mahakamani na humo alimpeleka mwanawe. Inasimuliwa kwamba siku moja aliteuliwa katika juri inayoamua kama mtuhumiwa afunguliwe mashtaka. Akaona wenzake wanauliza kila mara kama mtuhumiwa ni mweupe au mweusi. Akapendekeza swali hilo liachwe, na mwenyekiti akakubali.

Kijana alisomea sheria Chuo Kikuu cha Howard, akahitimu mwaka 1933 akiwa wa kwanza darasani. Mwaka 1936 akaajiriwa na NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi.

Sheria ilikuwa upande wake tangu zamani. Mwaka 1880 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa jimbo haliwezi kuwazuia watu weusi kuingia katika juri kwa sababu ya rangi yao. Mambo mashinani yalikuwa mengine. Mwaka 1938 huko Dallas, Texas, mkuu wa chuo kimoja cha watu weusi aliitwa kuhudumu katika juri. Alipokataa kujiondoa, alitupwa nje kwenye ngazi za mahakama. Marshall alisafiri hadi Texas, akamwona Gavana James Allred, naye gavana akatoa askari wa jimbo kuwalinda weusi wanaoitwa katika juri.

Mwaka 1947 alifikisha Mahakama Kuu kesi ya mtu mweusi wa Mississippi aliyehukumiwa kifo na juri ya wazungu watupu. Katika wilaya hiyo zaidi ya thuluthi moja ya watu wazima walikuwa weusi, lakini kwa miaka 30 au zaidi hakuna hata mmoja wao aliyeketi katika juri. Majaji waliifuta hukumu hiyo.

Mwaka 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, Marshall alikwenda London kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House. Aliandaa rasimu ya haki za raia, ikiwamo ulinzi wa mali za jamii ndogo. Kenya ya wakati huo ilikuwa na ubaguzi wake mahakamani. Mzungu alishtakiwa mbele ya juri ya wazungu wenzake, ilhali Mwafrika alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, ambao maoni yao hayakumfunga jaji.

Mwaka 1967 Marshall akawa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama Kuu ya Marekani. Kufikia hapo majina ya weusi yalikuwa yameanza kuingia katika orodha za wanaoitwa, ila kizuizi kilihamia kwingine. Pamoja na kumwondoa mtu kwa sababu inayoeleweka, kila upande katika kesi uliruhusiwa kuwakataa watu kadhaa bila kueleza chochote. Waendesha mashtaka waliutumia mwanya huo kuwaondoa weusi mmoja mmoja.

Mwaka 1986 ilifika kesi ya Batson kutoka Kentucky. Mwendesha mashtaka alikuwa amewakataa weusi wote wanne walioitwa, na mshtakiwa mweusi akahukumiwa na wazungu watupu. Mahakama iliamua kwamba panapokuwa na dalili za ubaguzi, mwendesha mashtaka lazima atoe sababu isiyohusu rangi. Marshall aliunga mkono uamuzi huo, lakini akaandika maoni yake pembeni. Aliona kwamba sababu ya kubuni ni rahisi kuipata, na kwamba jaji hawezi kuona kilichomo moyoni mwa mtu. Dawa, kwake, ilikuwa kuifuta kabisa haki ya kukataa bila sababu, hata kwa upande wa utetezi.

Alistaafu mwaka 1991, akafariki Januari 24, 1993. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilifuta hukumu ya Curtis Flowers wa Mississippi, aliyeshtakiwa mara sita kwa kosa lile lile. Katika mashauri hayo, waendesha mashtaka waliwakataa weusi 41 kati ya 42 ambao wangeweza kuwakataa. Tangu Januari 1, 2022, jimbo la Arizona limefuta haki hiyo, kama Marshall alivyotaka.

Anayevusha mizigo Namanga, Busia au Rusumo anaijua hoja hii bila kusomea sheria. Ukikataliwa kwa sababu iliyoandikwa, una pa kukata rufaa. Ukikataliwa hivi hivi tu, mkataba mzuri ulioko makao makuu haukufai kitu.