Wangila na Waruinge: Nani Aliyekuwa Mkubwa?

Muhula uliopita mzazi mmoja alinijia shuleni na ombi lililonikosesha usingizi. Mwanawe, kijana wa kidato cha tatu katika shule ninayofundisha huku Kawangware, alikuwa ameanza kuyakwepa masomo ya jioni ili aende kujifunza ndondi katika ukumbi mmoja wa mtaani. Mama huyo alinitaka nimkanye. Nilimwahidi kwamba ningefanya hivyo, kwani ni nani asiyejua kwamba ndondi zaweza kumwachia mtu pua iliyovunjika na mfuko mtupu?

Nilipomwita kijana na kumwuliza ni bondia gani anayemwona kuwa kielelezo, alimtaja Muhammad Ali, kisha akamtaja Mike Tyson. Wa Kenya hakumjua hata mmoja. Nilijaribu wanafunzi wengine darasani. Wanariadha waliwataja bila kusita, tangu Kipchoge Keino hadi hawa wa leo. Mabondia, kimya. Hapo nilishikwa na haya, kwa kuwa asiyejua si wa kulaumiwa iwapo ajuaye hakumfundisha. Jumamosi iliyofuata nilipanda matatu ya nambari 46, nikashuka mjini, nikaelekea maktaba ya McMillan katika Mtaa wa Banda ili nijikumbushe habari za watu wawili ambao katika ujana wangu majina yao yalitajwa katika kila kibanda cha kinyozi: Robert Wangila Napunyi na Philip Waruinge.

Nianze na Wangila, kwa sababu ndiye ambaye kwa miaka mingi niliamini kwamba hakuna wa kumfananisha naye.

Wangila alizaliwa Septemba 1967. Alichipukia katika ndondi za Nairobi wakati ambapo mchezo huo ulikuwa na heshima yake katika jiji hili. Pale City Hall, katikati ya jiji, kuna ukumbi uitwao Charter Hall, na katika ukumbi huo watu wa matabaka yote walikuwa wakiketi pamoja, karani kando ya mchuuzi, kutazama vijana wa mitaani wakipimana nguvu. Mwaka 1987 Kenya ilipoandaa Michezo ya Afrika hapa Nairobi, mabondia wetu walizoa nishani za dhahabu hadi wageni wakashangaa, na Wangila alikuwa mmoja wa washindi hao. Mwaka mmoja baadaye alikwenda Seoul, Korea Kusini, katika Michezo ya Olimpiki.

Huko alipigana katika uzani wa welta, yaani kilo 67. Katika nusu fainali bahati ilimwendea, kwani mpinzani wake, Jan Dydak wa Poland, hakuweza kupanda ulingoni kutokana na jeraha. Wapo waliosema kwamba amefika fainali kwa mteremko. Fainali ikawajibu. Mapema Oktoba 1988 Wangila alikutana na Mfaransa Laurent Boudouani, na katika raundi ya pili akamwangusha kwa konde ambalo halikuhitaji majaji wala hesabu ya pointi. Kwa konde hilo akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika ndondi. Mwaka huo Kenya ilirudi nyumbani na dhahabu tano. Nne zililetwa na wakimbiaji: Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki. Ya tano ililetwa kwa ngumi. Tangu siku hiyo hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024, hakuna Mkenya mwingine aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha.

Kwa miaka mingi hoja yangu iliishia hapo. Dhahabu ni dhahabu. Lakini nilipoyasoma tena maisha ya Waruinge, nilianza kuona kwamba mizani niliyokuwa nikiitumia ilikuwa na kasoro.

Waruinge alikuwa mtu wa Nakuru, aliyezaliwa mwaka 1945, na alipigana katika uzani wa unyoya, kilo 57. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola alishinda dhahabu Kingston mwaka 1966, akaishinda tena Edinburgh mwaka 1970. Katikati ya ushindi huo kulikuwa na Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968. Huko alishindwa katika nusu fainali na Antonio Roldán, kijana wa Mexico aliyekuwa akipigana mbele ya watu wake, kwa uamuzi wa majaji watatu dhidi ya wawili. Roldán akaendelea na kuichukua dhahabu baada ya mpinzani wake Mmarekani kuondolewa kwa kosa la kupiga kwa kichwa. Waruinge akapewa shaba.

Mambo yangeishia hapo tungesema alikuwa bondia mzuri aliyekosa bahati. Lakini katika ndondi za Olimpiki kulikuwa na kombe lililoitwa Val Barker, ambalo lilikuwa likipewa bondia aliyeonyesha ustadi kuliko wengine wote katika uzani wote. Kwa kawaida kombe hilo lilikwenda kwa mmoja wa washindi wa dhahabu. Mwaka huo wa 1968 miongoni mwa washindi wa dhahabu alikuwamo George Foreman, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa uzani mzito. Hata hivyo kombe halikwenda kwa Foreman wala kwa Roldán. Lilipewa Mkenya mwenye nishani ya shaba. Miaka minne baadaye, Munich 1972, Waruinge alifika fainali akashindwa na Boris Kuznetsov wa Muungano wa Kisovieti, na kwa mara nyingine majaji watatu walikuwa upande ule na wawili upande wake. Safari hii alipata fedha.

Tazama basi, ndugu msomaji, jinsi mambo yalivyo. Kati ya Waruinge na fainali ya Mexico palikuwa na jaji mmoja. Kati yake na dhahabu ya Munich palikuwa na jaji mmoja pia. Wangila hakumwachia jaji nafasi ya kusema lolote. Huo ndio uliokuwa ukubwa wake: alikuwa na konde lililomaliza ubishi. Ukubwa wa Waruinge ulikuwa wa namna nyingine. Ulikuwa katika miguu, macho na akili, na walioujua mchezo huo waliuona hata pale ambapo pointi zilimnyima haki yake. Sisi walimu tunaifahamu tofauti hii. Tuna mwanafunzi anayepata alama ya A siku ya mtihani, na tuna yule ambaye kila mwalimu anajua kwamba ndiye mwenye akili kuliko wote darasani ingawa karatasi haikumtendea haki. Nchi huwakumbuka wa kwanza. Haipaswi kuwasahau wa pili.

Iwapo ningetakiwa kuchagua kwa ustadi pekee, leo ningemchagua Waruinge. Kwa tendo moja kubwa ningemchagua Wangila. Lakini swali lililonisumbua nilipokuwa nikirudi nyumbani jioni ile halikuwa hilo. Nilijiuliza nini kiliwapata watu hawa baada ya sherehe kwisha, kwa maana hapo ndipo maisha yao yanapofanana mno.

Wote wawili walihama. Waruinge alikwenda Japani mwaka 1973 kupigana ndondi za kulipwa, na huko akajulikana kwa jina la Waruinge Nakayama. Mwaka 1976 alipewa nafasi mbili za kuwania ubingwa wa dunia. Aprili alipambana na Rigoberto Riasco huko Panama, Novemba akapambana na Carlos Zárate huko Mexico, na mara zote mbili akashindwa kabla ya raundi kwisha. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 30. Miaka yake bora alikuwa ameitumikia nchi, na ndondi za nchi hazikuwa na mshahara.

Wangila naye alihamia Marekani na kuanza ndondi za kulipwa mwaka 1989. Wengine humlaumu kwa kuikimbilia pesa. Mimi simlaumu. Nishani hailipi kodi ya nyumba wala hainunui unga, na kijana wa miaka 21 aliyeifanyia nchi jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya ana haki ya kutafuta riziki kwa kazi aliyoijua. Alipigana mapambano yasiyozidi 30 na kushinda mengi yake, lakini ubingwa wa dunia haukumfikia.

Julai 22, 1994, mjini Las Vegas, alipanda ulingoni kupambana na David Gonzales. Katika raundi ya tisa mwamuzi alilisimamisha pambano. Wangila alipinga. Alikuwa bado amesimama, na hakukubali kwamba amekwisha. Alitoka ulingoni, akaenda katika chumba cha kubadilishia nguo, na humo akaanguka akapoteza fahamu. Hakuamka tena. Alifariki Julai 24, akiwa na umri wa miaka 26.

Nimeyafikiria sana malalamiko yale ya mwisho. Bila shaka kuna mashabiki walioungana naye kumlaumu mwamuzi, kwa kuwa sote tumefundishwa kumsifu mtu asiyekata tamaa. Lakini mwamuzi aliona lile ambalo bondia hakuweza kuliona ndani ya kichwa chake mwenyewe. Ukweli mchungu ni kwamba madhara yalikuwa yamekwisha kutendeka. Ushujaa una mpaka wake, na anayeujua mpaka huo mara nyingi si shujaa mwenyewe bali ni yule aliyesimama kando yake. Kwa hiyo bondia huhitaji daktari anayesikilizwa, na kocha asiyeona haya kurusha taulo.

Hata kifo hakikumpa utulivu. Mwili uliporejeshwa Kenya ulizuka mgogoro kuhusu mazishi, kwa sababu Wangila alikuwa amesilimu, nao baadhi ya jamaa walitaka azikwe kwa mila za ukoo wake. Suala hilo lilifikishwa mahakamani, katika jiji ambalo lilikuwa bado linaikumbuka kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno ya mwaka 1987. Hatimaye alizikwa kama Mwislamu hapa Nairobi. Nchi ilimpigania kwa bidii alipokuwa maiti. Sikumbuki bidii kama hiyo alipokuwa hai, akitafuta riziki ugenini.

Kuna jambo jingine ambalo kila nikilikumbuka hunichoma. Laurent Boudouani, yule Mfaransa aliyeangushwa Seoul, aliendelea na kazi yake hatua kwa hatua, na mwaka 1996 akawa bingwa wa dunia wa chama cha WBA. Aliyepigwa alifika kileleni. Aliyempiga alikuwa kaburini kwa miaka miwili. Sisemi kwamba Wangila angekuwa bingwa, maana ndondi hazina hesabu rahisi namna hiyo. Nasema tu kwamba kipaji kilichomshinda bingwa wa baadaye kilistahili kulindwa.

Na Waruinge? Yeye alijaliwa umri mrefu. Hatimaye alirudi Nakuru, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 2022. Uzee wake haukuwa wa raha, na mara kwa mara waandishi wa habari walikwenda kumtafuta, wakaandika masikitiko yao, kisha wakaondoka. Mmoja alikufa kijana, mbali na nyumbani, mwingine alizeeka miongoni mwetu bila kutunzwa. Sijui ni lipi kati ya hayo linalotuaibisha zaidi.

Kenya imewahi kupata nishani saba za ndondi katika Olimpiki: mbili za Waruinge, mbili za Dick Murunga na Samuel Mbugua katika Michezo ya Munich, moja ya Ibrahim Bilali mwaka 1984, na mbili za Seoul, ya Wangila na ya Chris Sande. Tangu mwaka 1988 hatujapata nyingine. Wapo wanaosema vijana wa leo ni wavivu. Mimi naishi nao na sikubaliani na kauli hiyo. Kijana anayetoka shule jioni, akaingia katika ukumbi wenye gunia moja la mazoezi linalogombewa na watu 20, si mvivu. Ni mtu anayeona yaliyowapata waliomtangulia na bado anathubutu.

Nilimwita yule mwanafunzi wangu mara ya pili, pamoja na mamake. Sikumkanya kama nilivyoahidi, na naungama kwamba mama hakufurahi. Niliwasimulia habari hizi kama nilivyozisimulia hapa. Kisha nikamwambia kijana kwamba anaweza kwenda ukumbini siku tatu kwa juma, mradi zile nyingine awe darasani, na kwamba atakapomaliza shule ajifunze kazi nyingine ya mikono isiyohitaji glavu. Mama aliuliza kama nina hakika mwanawe hataumia. Nilimjibu kwamba sina.

Walimu wenzangu, majina haya mawili yafundishwe, na yafundishwe pamoja. Anayemfundisha Wangila peke yake hufundisha kwamba konde moja latosha. Anayemfundisha Waruinge peke yake hufundisha kwamba dunia ni dhuluma. Wakiwekwa bega kwa bega, mwanafunzi ataona kwamba Kenya iliwahi kuzaa mabondia wakubwa wa aina mbili tofauti, na kwamba hao wote wawili waliidai nchi yao deni ambalo hawakulipwa. Wao hawapo tena kulidai. Lakini wapo vijana jioni hii katika kumbi za Kawangware, Kangemi na Dagoretti, na deni la wazee wao tunaweza kuwalipa wao.