Fukara wa Assisi Aliyeipokea Mauti kwa Nyimbo

Jioni moja barazani, baada ya sala ya Magharibi, mzee mmoja aliniuliza iwapo wale watawa wa Kikristo wavaao kanzu za rangi ya udongo, na kamba kiunoni, huwa na furaha yoyote hapa duniani. Sikuwa na jibu la haraka, ila nilimkumbuka mtu aliyeanzisha mavazi hayo, na leo nataka kuwasimulia wasomaji habari zake. Katika itikadi, sisi Waislamu hatuafikiani naye, wala sikusudii kulificha hilo. Lakini ukunjufu wake wa moyo umenishughulisha kwa siku nyingi.

Mtu huyo ni Francis, aliyezaliwa Assisi, nchini Italia, mwaka 1181 au 1182. Baba yake, Pietro di Bernardone, alikuwa tajiri wa biashara ya nguo. Kijana alikua katika ukwasi: mavazi ya fahari, karamu, na kuzunguka mjini usiku na wenzake wakiimba. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wao, na mfuko wa baba ndio uliolipa. Mwaka 1202 mji wake ulipigana na Perugia, akatekwa na kukaa kifungoni kama mwaka mzima. Baadaye akaugua sana. Alipopata nafuu alitoka kwenda kutazama mashamba na mizabibu aliyokuwa akiipenda, na moyo wake haukuchangamka hata kidogo. Hapa ndipo ninapoona maisha yake yalipoanza hasa. Hakupungukiwa na kitu, ila furaha ilikuwa imemtoka.

Katika wasia wake alieleza kuwa zamani kuwaona wakoma kulikuwa kwake jambo chungu mno. Kisha, kwa uongozi wa Mungu, alikwenda kukaa nao na kuwahudumia, na uchungu ule ukamgeukia utamu wa roho na mwili.

Akaanza kutoa mali ya baba yake ili kutengeneza kanisa bovu la San Damiano. Mzee akakasirika, akamshitaki kwa askofu. Mwaka 1206, mbele ya kadamnasi, Francis alivua nguo zote alizovaa, akamrudishia baba yake pamoja na fedha, akatangaza kuwa tangu siku ile tegemeo lake ni Mungu peke yake. Kwetu radhi ya wazazi si jambo dogo, na nakiri kuwa kila nifikapo hapa humhurumia Pietro, akirudi nyumbani na nguo za mwanawe mikononi.

Yasimuliwa kuwa muda mfupi baadaye, akipita mwituni huku akiimba, alivamiwa na wanyang'anyi, wakampiga na kumtupa katika shimo lililojaa theluji. Walipokwenda zao alijikung'uta, akaendelea na wimbo wake. Mara nyingine aliokota kijiti, akakiweka juu ya mkono na kukipitisha kijiti kingine juu yake, kama mpiga zeze. Mwaka 1209 Papa Innocent wa Tatu alimpa yeye na wafuasi wake wachache idhini ya kuishi kifukara na kuhubiri. Baada ya miaka kumi walikuwa maelfu.

Mwaka 1219 ulikuwa wakati wa Vita vya Msalaba, na majeshi ya Ulaya yaliuzingira mji wa Dumyat huko Misri. Francis alifika huko. Baada ya majeshi hayo kushindwa vibaya mwezi wa Agosti, alivuka na mwenziwe mmoja, bila silaha, hadi kwenye kambi ya Waislamu. Aliweza kuuawa na yeyote. Badala yake akafikishwa kwa Sultani al-Malik al-Kamil, mtoto wa nduguye Salahuddin, ambaye alimsikiliza kwa adabu na kumrudisha salama. Kisa cha Francis kutaka kupita motoni kuthibitisha dini yake kiliandikwa miaka mingi baadaye, na mimi sikitegemei. Hakumsilimisha Sultani katika Ukristo, wala Sultani hakumsilimisha yeye.

Lakini safari ile haikupita bure. Katika kanuni ya mwaka 1221, Francis aliwaelekeza ndugu waendao kuishi na Waislamu kwamba njia mojawapo ni kutojiingiza katika mabishano. Tena aliwaandikia watawala kwamba kila jioni mnadi awaite watu wamsifu Mungu, na wanazuoni kadhaa wameona hapo mwangwi wa adhana. Kanuni ile ile iliwakataza ndugu kuonyesha nyuso za kununa kama wanafiki. Iliwataka wawe wachangamfu katika Mola wao.

Kuwaamrisha wengine ni rahisi. Yeye alirudi kutoka Mashariki na maradhi ya macho, na waganga wakamchoma kwa chuma cha moto bila ya kumfaa. Mwaka 1225, akiwa karibu kipofu na hawezi kuvumilia mwanga, alitunga wimbo wa kumsifu Mungu kwa ajili ya jua, mwezi, maji na moto.

Mwaka uliofuata, akiwa mahututi katika nyumba ya askofu, aliwataka ndugu wamwimbie usiku na mchana. Ndugu Elias, kiongozi wao, aliona haya: watu wa nje watasemaje wakisikia nyimbo kwa mtu ambaye yampasa alie na kuyafikiria mauti? Francis akaomba aachwe afurahi. Tarehe 3 Oktoba 1226, baada ya kulazwa juu ya ardhi tupu kama alivyoagiza, alifariki, na mwandishi wa kwanza wa maisha yake asema aliipokea mauti akiimba.