Mwalimu Nyerere na Mswada wa Uraia

Wenyeji wa Bumbuli hawahitaji kufundishwa kwamba mgeni aweza kuwa mwenyeji. Mbegha alitoka Nguu, Wasambaa wakampokea, na mwanawe Bughe, aliyekuwa akikaa Bumbuli, ndiye aliyerithi ufalme baada yake. Lakini pia twajua habari za Kiva: baada ya kufa Kimweri mwaka 1862, Wabondei waliwainukia Wakilindi, wakawaua na kuwafukuza, ingawa vizazi vingi vilikuwa vimepita tangu Mbegha. Ukaazi usio na sheria hutegemea hisani ya walio wengi, na hisani huisha. Ndiyo maana yafaa kuyatazama tena maisha ya Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, ambao ni kabila dogo. Alisoma Mwisenge, Tabora na Makerere, kisha Edinburgh, akarudi mwaka 1952 kufundisha Pugu. Julai 1954 aliongoza kuundwa kwa TANU, chama ambacho mwanzoni Mwafrika peke yake ndiye aliyeweza kuwa mwanachama.

Jaribu la kwanza lilikuwa kura tatu. Serikali ya Kiingereza iliamuru katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Jamii zisizokuwa za Kiafrika hazikufikia watu wawili katika kila mia, nazo zikapewa viti viwili katika kila vitatu. Wengi wa TANU walitaka kuususia uchaguzi huo. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu aliwashawishi waukubali ili waushinde kutoka ndani. Zuberi Mtemvu alijitenga, akaunda chama chake. Lakini kwa kura za Waafrika waliingia barazani watu kama Amir Jamal, Sophia Mustafa, Lady Chesham na Derek Bryceson, na hoja ya kwamba rangi hazipatani ikakosa nguvu.

Jaribu kubwa lilikuja Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru. Mswada wa uraia ulisema kwamba aliyezaliwa Tanganyika, ambaye mzazi wake mmoja naye alizaliwa humo, atakuwa raia siku ya uhuru; wengine waliokuwa wakaazi waweza kuomba. Rangi haikutajwa. Baadhi ya wabunge wa TANU walikasirika, wakataka uraia uwe wa Mwafrika kwanza. Tusiwahukumu upesi: walikuwa wameishi chini ya utawala uliogawa shule, hospitali na mishahara kwa rangi, nao waliona wale waliotangulizwa jana wakipewa tena haki sawa bila kulipa chochote. Malalamiko yao yalikuwa ya kweli. Dawa waliyoitaka ndiyo iliyokuwa mbaya.

Mwalimu alisimama akawajibu kwa ukali ambao hawakuuzoea kwake. Aliwaonya kwamba anayeanza kwa kumtenga Mhindi hatakosa kesho kabila la kulitenga, akaukumbusha ukatili wa Hitler, akatangaza kwamba serikali yake itajiuzulu mswada ukishindwa. Twaweza kuuliza kama ni halali kulikaba baraza hivyo. Mimi naona ilikuwa halali: waliokuwa wakijadiliwa hawakuwa na kura za kujitetea. Mswada ulipita. Januari 1964 alikwenda mbele zaidi, akaagiza raia wote wahesabiwe sawa katika kazi za serikali. Siku chache baadaye jeshi likaasi, na swala la maafisa Wazungu likiwa miongoni mwa manung'uniko yake.

Hata hivyo mtu yule yule, mwaka 1971, aliiongoza serikali iliyotwaa majumba ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000. Katika sheria ile pia rangi haikutajwa, na sababu yake, yaani kuzuia unyonyaji wa kodi za nyumba, ilieleweka. Lakini majumba mengi ya namna hiyo mijini yalikuwa ya Wahindi, na yaliyozidi miaka kumi hayakulipwa fidia. Waliopoteza akiba ya maisha ni pamoja na raia waliouamini uraia wa 1961, na maelfu waliondoka nchini. Sheria ya kwanza ilipimwa neno kwa neno ili kuona itamwangukia nani. Hii ya pili haikupimwa hivyo, na kunyamaza kwake juu ya rangi hakukumfaa aliyeangukiwa.

Mwaka uliofuata Idi Amin aliwafukuza Wahindi wa Uganda, na Mwalimu alimlaumu waziwazi wakati viongozi wengi wa Afrika walinyamaza. Mwaka 1980 serikali yake iliwapa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000, waliokwisha lima na kuzaa humu nchini. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama, kwa Wazanaki wake. Sheria ya uraia ya 1961 ilikuwa imekwisha kufutwa na ile ya 1995, ambayo nayo haimwulizi mtu rangi yake.