Virchow: Tabibu aliyefumbua siri ya damu kuganda

KABLA ya Rudolf Virchow, matabibu wengi wa Ulaya waliamini kuwa donge la damu linalopatikana mapafuni mwa maiti liliumbika papo hapo.

Mjerumani huyo, aliyezaliwa Pomerania mnamo Oktoba 13, 1821, alithibitisha katika miaka ya 1840 kwamba donge hilo aghalabu huanzia mbali, hasa miguuni, kisha humeguka na kusombwa na damu hadi mapafuni.

Mwaka wa 1848 serikali ya Prussia ilimtuma Silesia kuchunguza mlipuko wa homa inayoenezwa na chawa. Alirejea na ripoti iliyolaumu umaskini, ujinga na utawala mbaya. Mwaka huo huo alijiunga na wanamapinduzi, na mnamo 1849 akapoteza wadhifa wake Berlin, akahamia Würzburg.

Aliitwa tena Berlin mwaka wa 1856. Huko alikuwa mbunge, akampinga Bismarck waziwazi na kupigania mfumo wa majitaka jijini.

Hata hivyo, hakukosa dosari. Daktari Semmelweis alipoeleza kuwa mikono michafu ya matabibu ndiyo iliyowaua wazazi kwa homa, Virchow hakumuunga mkono mwanzoni.

Mnamo Januari 1902 alivunjika paja aliposhuka kwenye tramu, akafariki Septemba 5 mwaka huo akiwa na umri wa miaka 80.

Mambo matatu yanayohusishwa na jina lake bado huwaongoza madaktari: damu kwenda polepole, mshipa kujeruhiwa na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Ujauzito huyakusanya yote. Damu huganda upesi zaidi, mimba hubana mishipa ya nyonga, nao uzazi, hasa wa upasuaji, hujeruhi mishipa.

Ndiyo maana mjamzito wa Kondele, Kisumu, anapofika kliniki hafai kupuuza maswali kuhusu umri, uzani, mimba ya pacha au historia ya damu kuganda katika familia. Katika ukanda wa Ziwa Victoria, swali la selimundu lina uzito wa pekee, kwani maradhi hayo ni ya kawaida huko na huzidisha hatari.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, mama akimbizwe hospitalini. Hatari hiyo haiishi siku ya kujifungua. Hudumu angalau wiki sita baadaye.