Maisha ya Shaaban Robert na Misingi ya Riwaya

Kabla ya kuingia katika uchambuzi wa riwaya teule, ni vyema ujue kwanza riwaya hujengwa kwa nini. Njia moja ya kulielewa jambo hili ni kufuata maisha ya mwandishi mmoja na kutazama jinsi alivyounda hadithi. Hapa tumemteua Shaaban Robert kwa kuwa aliandika tawasifu na pia riwaya. Ukivilinganisha vitabu hivyo, utaiona tofauti kati ya maisha halisi na hadithi ya kubuni. Watahiniwa wengi huisahau tofauti hii katika karatasi ya tatu na kupoteza alama ambazo wangezipata.

Maisha yake

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Ukoo wake ulitokana na Wayao, lakini yeye alikulia katika Uislamu na katika utamaduni wa Waswahili wa pwani. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaingia kazini akiwa kijana wa miaka 17.

Kazi yake ilikuwa ukarani. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa forodha, kazi iliyomfikisha Pangani na vituo vingine. Mwaka 1944 alihamishiwa idara ya wanyama huko Longido, mbali na bahari aliyoizoea. Alirudi Tanga mwaka 1946, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya na baadaye katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Serikali aliyoitumikia ilikuwa ya Waingereza, ambao waliitwaa Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Shaaban Robert aliaga dunia Juni 1962. Utaona basi kwamba karibu kila alichoandika, alikiandika akiwa mtu anayetawaliwa, na mshahara wake ukitoka kwa mtawala. Likumbuke jambo hili tunapoitazama misingi yenyewe.

Msimulizi

Katika tawasifu yake, Maisha Yangu, Shaaban Robert anasimulia kwa nafsi ya kwanza. Anayesema, anayetendewa na aliyeandika ni mtu mmoja. Anapoeleza kufiwa na mkewe Amina, msomaji anajua kwamba msiba huo ulitokea kweli.

Katika Kusadikika, riwaya iliyochapishwa mwaka 1951, mambo yamebadilika. Usimulizi ni wa nafsi ya tatu, na mwandishi amejitenga na wahusika. Kwa hivyo, usiandike katika jibu lako kwamba Shaaban Robert alishtakiwa mbele ya mfalme. Aliyeshtakiwa ni Karama. Hata riwaya yako teule ikisimuliwa kwa nafsi ya kwanza, huyo anayesema mimi ni mhusika aliyebuniwa.

Mandhari

Mandhari ni mahali, wakati na hali ya jamii ambamo matukio hutokea. Tuchukue mfano wa Pumwani, Nairobi. Mtaa huu ulianzishwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1920 kuwa makao ya Waafrika. Ukisoma hadithi ya wakati huo iliyowekwa Majengo, utatarajia nyumba za udongo za mtindo wa Kiswahili zenye vyumba vya kupangisha. Hadithi ya leo itakuletea msongamano wa Gikomba na barabara ya Digo. Mahali ni palepale, lakini mandhari si yaleyale, kwa sababu wakati na hali ya watu vimebadilika.

Sasa tazama alichofanya Shaaban Robert. Hakuiweka riwaya yake Tanga wala Pangani, ingawa alipajua. Aliunda nchi ya Kusadikika, inayoelea hewani. Wahakiki wengi wameisoma nchi hiyo kama kivuli cha utawala wa kikoloni. Karani wa serikali asingeweza kuyakosoa mabwana zake kwa majina na kubaki salama kazini. Nchi ya hewani iliweza kubeba dhuluma, ubaguzi wa sheria na ukandamizaji bila kumtaja mtawala yeyote. Mandhari ya kubuni yanaweza kuwa ngao ya ukweli. Unapochambua mandhari, usikomee kuyataja. Eleza yanafanya kazi gani.

Ploti

Ploti ni mpangilio wa matukio kwa sababu na matokeo. Karama anataka kufundisha elimu ya sheria. Waziri Majivuno anaona hatari katika elimu hiyo, kwa hivyo anamshtaki. Kwa kuwa ameshtakiwa, Karama anapewa siku sita za kujitetea. Katika siku hizo anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote nne, mbinguni na ardhini. Walirudi na mapendekezo yenye manufaa kwa nchi, lakini wakaishia kufungwa. Utetezi wake unafaulu, naye anaachiliwa pamoja na wajumbe hao.

Angalia jinsi kila tukio linavyozaa jingine. Angalia pia mbinu ya hadithi ndani ya hadithi: kila safari ya mjumbe ni kisa kamili, na papo hapo ni ushahidi katika kesi ya Karama. Ukiorodhesha safari sita bila kuonyesha uhusiano wake na kesi, umetoa muhtasari, hujachambua ploti.

Wahusika

Shaaban Robert aliwapa wahusika wengi majina ya majazi, yaani majina yanayolingana na tabia zao. Majivuno ni mmoja wao. Katika Adili na Nduguze, Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu. Hata hivyo, jina halitoshi kuthibitisha sifa. Hasidi na Mwivu wanageuzwa nyani kwa maovu yao, na Adili analazimishwa kuwapiga kila usiku. Huruma anayowaonea wakati huo ndiyo ithibati ya uadilifu wake. Taja sifa, kisha toa tendo linaloithibitisha.

Maudhui na dhamira

Maudhui ni jumla ya mambo yanayozungumziwa katika kazi. Dhamira ni lengo kuu la mwandishi. Kusadikika kuna maudhui ya sheria, elimu, uongozi mbaya na ujasiri. Dhamira yake ni kuonyesha kwamba nchi inayowafunga watu wanaoitakia mema hujinyima maendeleo.

Tahadhari

Je, maisha ya mwandishi yana nafasi gani katika jibu lako? Yanakusaidia kuuliza swali, lakini jibu sharti litoke kitabuni. Kufikirika na Utubora Mkulima vilichapishwa mwaka 1967 na 1968, Shaaban Robert akiwa kaburini. Wasomaji hawakuwa na mtu wa kumwuliza alimaanisha nini. Walikuwa na kurasa tu, na kurasa hizo ziliwatosha. Nawe katika chumba cha mtihani huna mwandishi wa kukusaidia. Isome riwaya yako teule mara nyingi hadi uweze kuutetea kila unachosema kwa tukio lililomo.

Zoezi

1. Eleza tofauti kati ya mwandishi na msimulizi. Toa mfano kutoka riwaya teule. (alama 4)
2. Mandhari ya kubuni humwezesha mwandishi kusema yasiyosemeka. Thibitisha kwa kurejelea Kusadikika. (alama 6)
3. Jadili jinsi majazi yalivyotumika katika riwaya teule kuwasilisha maudhui. (alama 10)